Bwana Ateme Kwanza

Mgonjwa nilikuwa mimi, lakini aliyekwenda kupimwa alikuwa nkambo yangu. Naanzia hapo makusudi, maana nikianzia kwenye kikohozi chenyewe mtasinzia.

Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi au babu huku Lubumbashi. Huyu wangu ni mama wa baba. Alikuja kutoka kaskazini ya Katanga akiwa bado msichana, akimfuata mfanyakazi wa reli. Yule wa reli alikufa kabla sijazaliwa, na nafasi yake nimerithi mimi. Msicheke. Kwetu mjukuu wa kiume ni bwana wa nkambo yake. Ni mzaha, lakini una sheria nyingi kuliko ndoa kadhaa za kanisani ninazozijua. Yeye ananiita "bwana yangu" na kunitengea kichwa cha samaki. Mimi lazima nimletee sabuni, nisifu kitambaa chake cha kichwa, na nisimnyime kitu mbele ya watu. Nikimnyima, anatoka barabarani na kulia kwa sauti ya msibani: "Bamama, mukuye muone! Bwana yangu ananitupa!" Na bamama wanakuja kweli. Wanaketi, wanasikiliza kesi, wananihukumu. Sijawahi kushinda hata moja.

Haya, kikohozi. Kilianza mwanzoni mwa kiangazi, wakati Lubumbashi nzima inakohoa. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, baridi ya asubuhi inauma masikio, na malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa yanapita yakitimua lile lililobaki. Mtu asiyekohoa majira hayo tunamuuliza kama amehamia Golf, kwenye majumba ambako hata vumbi linapiga hodi kwanza. Kwa hiyo nilipokohoa hakuna aliyegeuka. Hata mimi sikugeuka.

Zaidi ya hapo, kikohozi kilinifaa kazini. Kazi yangu, niseme wazi, ni kuchekesha darasa. Masomo nayafanya nikipata nafasi. Prefe wetu, mkuu wa masomo, ana kikohozi chake cha cheo: anakohoa kwanza, kisha anafukuza mtu. Nilijifunza kukiiga nikiwa dawati la nyuma. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi nakohoa kiprefe, na darasa zima linasimama wima kwa hofu. Mwalimu naye anafuta suruali yake chaki. Nilikuwa naiga vizuri mno, na kadiri kiangazi kilivyoendelea nikawa naiga vizuri zaidi, bila kufanya jitihada yoyote. Halafu siku moja mzaha ukaisha, wenzangu wakaketi, na kikohozi kikaendelea. Walicheka wakidhani naongeza. Nilikuwa nimeinamia dawati nikitafuta pumzi, na wao wanapiga makofi.

Nyumbani suruali ya shule nilianza kuifunga kwa kamba. Asubuhi godoro lilikuwa limelowa jasho, nikamwambia mama nimemwaga maji. Mama anauza unga sokoni, si mtu wa kudanganywa kwa kilo wala kwa gramu.

"Uende ku santre bakupime," akasema.

"Banipime nini, mama? Urefu?"

"Kifua, mupumbafu weye."

"Ni vumbi, mama. Bakipima vumbi, batapima muji muzima."

Aliniambia tena na tena, nikamjibu vilevile tena na tena. Baba ni wakala wa forodha Kasumbalesa, anarudi mwisho wa juma tu, na mwisho wa juma mimi nilikuwa nakunywa maji mengi na kukohoa chooni. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa darasa la tano la sekondari na mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa inakaribia. Kwa sababu kwenye avenyu yetu ugonjwa wa kifua unatajwa kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliye gerezani. Na kwa sababu mchekeshaji ambaye watu wanahama dawati lake amebaki na nini? Kisha siku moja nikakohoa kwenye kitambaa, nikaona rangi nisiyoitaka. Nikakunja kitambaa, nikakitia mfukoni, nikaenda kusimulia kichekesho.

Ndipo nkambo akaanza kukohoa.

Chumba chake na pahali ninapolala mimi vinatenganishwa na ukuta mwembamba wa matofali mabichi. Nilimsikia alfajiri: kikohozi kirefu, kinachoanzia chini, na mwishoni kinapiga kamluzi. Kesho yake tena. Alitoka ameshika kifua, amekunja uso, akakaa kwenye kiti chake kidogo mbele ya mbabula, jiko letu la makaa.

"Bwana yangu," akasema, "kifua kinaniua."

Mimi, ambaye nimemwiga prefe mbele ya prefe mwenyewe, niliogopa. Kwangu mimi nilikuwa nimepata maneno ya kujidanganya. Kwa ajili yake sikuwa na hata moja. Mama akasema atampeleka akitoka sokoni. Nkambo akakataa.

"Niko na bwana. Atanipeleka mwenyewe."

"Nkambo, niko na masomo ya kurudilia," nikasema. "Mama atakupeleka."

Nilijua kosa langu kabla sijafunga mdomo. Kiti kilikuwa tayari kitupu. Alikuwa barabarani, mikono kichwani.

"Bamama, mukuye! Niko nakufwa, na bwana yangu anasoma kitabu!"

Wakaja. Hakimu alikuwa yule mama anayeuza makaa mkabala na sisi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alinitazama kutoka miguuni hadi kwenye kamba ya suruali.

"Muke wako anakohola, na weye unasoma?"

"Mama, ni mitihani..."

"Utafaulu, bakupe cheti, umuonyeshe nani? Kaburi yake?"

"Lakini mama yangu alisema—"

"Muke ni wa nani?"

"Wangu," nikajibu, na avenyu nzima ikacheka.

"Basi vaa viatu."

Santre, kituo chetu cha afya, hakiko mbali. Hata hivyo ilibidi tusimame njiani mara kwa mara, kwa ajili yake. Angalau ndivyo nilivyojiambia. Kila tuliposimama, yeye alisalimia watu, akauliza bei ya viazi vitamu, akasema jambo fulani kuhusu viatu vya padri. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, natafuta hewa. Sikuona ajabu yoyote. Mtu anayejiona mjanja huwa haangalii sana.

Wenye vikohozi wanangojea nje, kwenye benchi refu chini ya paa la bati lisilo na kuta, ili upepo upite. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aligawa barakoa. Nilipovaa yangu nilifikiri jinsi walimu walivyohangaika miaka yote kunifunga mdomo, kumbe dawa yake ni kitambaa chenye kamba mbili. Nikamwambia jirani yangu wa benchi, mchimbaji wa madini aliyekuwa bado na matope kwenye buti. Alicheka, akakohoa, nami nikakohoa.

Muuguzi akamfikia nkambo.

"Mama, unasikia nini?"

"Kifua, mwana. Nakohola toka vumbi ilianza. Usiku natoka jasho mpaka godoro inalowa. Nguo zinanipwaya, nazifunga na kamba."

Nikamtazama. Kitenge chake kilikuwa kimembana kama siku zote. Nkambo yangu ni mtu wa ujazo.

"Na juzi," akaendelea, sauti imeshuka, "nilikohola mu kitambaa, mukatoka damu kiloko. Nikakunja, nikatia mu mufuko. Sikuambia muntu."

Halafu akakohoa, kumwonyesha muuguzi. Kikaanzia chini, kikapanda, na mwishoni kikapiga kamluzi.

Nimeiga watu wengi, lakini sikuwahi kumsikia mtu akiniiga mimi. Kikohozi kile kilikuwa changu. Alikuwa amekijifunza kupitia ukuta, alfajiri baada ya alfajiri, kama nilivyojifunza cha prefe, na alikuwa hajaacha hata kamluzi. Kitambaa nilikifua mwenyewe, kumbe maji ya kufulia niliyamwaga pale pale anapoketi.

Muuguzi alimtazama nkambo. Kisha akanitazama mimi, shingo yangu, kamba yangu. Alitoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akamnyooshea nkambo.

"Basi, mama, uende kule nyuma, unitolee makohozi."

Nkambo akarudisha mikono nyuma kama bibi arusi.

"Hapana, mwana. Kwetu muke hatemake mbele ya bwana yake. Bwana ateme kwanza."

"Bwana iko wapi?"

"Huyu."

Benchi likaangua kicheko. Wagonjwa wote, na barakoa zao, wanacheka na kukohoa. Mchimbaji akaanza kupiga buti chini: "Ateme! Ateme!" Na wengine wakaitikia. Sheria ya aina hiyo haipo kwa kabila lolote duniani, aliitunga pale pale. Lakini nkambo alinijua. Mama aliniomba kwa upole, nikamponyoka. Mbele ya watu wanaopiga makofi sijawahi kukataa kupanda jukwaani.

Nikachukua kikopo.

Nyuma ya jengo kuna pahali palipozungushiwa bati, pasipo na paa, jua linaingia lote. Muuguzi alisimama mbali upande wa upepo, akanielekeza: vuta pumzi ndefu, ishike, toa, rudia, kisha kohoa kutoka chini kabisa. Mate hayatakiwi. Nilitaka kuanza na kikohozi cha prefe ili nimchekeshe. Kikatoka cha kwangu. Nikafunga kikopo, nikakaza kifuniko mara mbili.

Fundi wa labo, yaani maabara, kijana mrefu aliyevaa glavu, alipokea kikopo kupitia kidirisha. Dirisha lake lilikuwa na kioo, nami nilisimama nje nikachungulia, kwa sababu ile ilikuwa sehemu ya mwili wangu na nilitaka kujua inapelekwa wapi. Alimimina dawa ya maji ndani, akatikisa, akaacha. Baadaye akatikisa tena. Kisha akavuta kiasi na kukitia kwenye kichupa cha plastiki cha ajabu, chenye vyumba vyumba ndani, wanakiita kartushi. Akakiingiza kwenye mashine na kufunga kilango chake. Mashine nilidhani ingekuwa kubwa kama gari. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, kingetosha juu ya kabati letu la vyombo.

"Sasa?" nikamuuliza alipotoka kuvuta hewa.

"Sasa tungojee. Haifiki masaa mbili."

"Inaangalia nini mule?"

"Inatafuta alama ya kile kijidudu chenyewe, ile ambayo kingine hakina. Hata kama viko vichache. Ikiipata inaizidisha, inaizidisha, mpaka inaonekana. Mu mikroskopi, vikiwa vichache vinanikimbia."

"Na ikipata?"

"Inajibu na swali ingine pamoja: dawa kubwa ya huu ugonjwa itaviweza, ao vimeizoea. Mbele ya hii mashine kufika, kujua ile kulikuwa kungoja wiki na wiki."

Nkambo alikuwa anasikiliza kutoka benchini.

"Wiki?" akasema. "Bwana yangu wa kwanza, ule wa reli, makohozi yake ilipanda treni. Jibu ilirudi na treni ya mizigo. Nilikuwa nimeshavaa nguo ya kilio."

Alikuwa hajawahi kunisimulia hilo, na nilikuwa mume wake miaka yangu yote. Akavuta kitenge chake juu ya magoti, akanipa nusu ya andazi.

Tulikuwa bado tunatafuna umeme ulipokatika. Huku kwetu hilo si habari. Feni inasimama, mtu anasema "eeh" na maisha yanaendelea. Lakini safari hii benchi zima liligeuka kutazama kidirisha. Fundi wa labo alikuwa ametueleza kwamba kartushi ni chache na kila moja inatumika mara moja tu, na ndani ya ile pekee mlikuwa na swali kuhusu mimi. Nilishika mkono wa nkambo, si kwa mzaha. Kisha taa ndogo ya mashine tukaiona, bado inawaka. Fundi alinyoosha kidole juu, kwenye paa: vibao vya jua, na chini yake mabetri yaliyopangwa ukutani.

"Jua ya kiangazi," akasema mchimbaji, akavua kofia. Kiangazi kile kile nilichokuwa nakilaumu.

Jibu lilipokuja, muuguzi alituita pembeni, mimi na nkambo, mbali na masikio ya benchi. Sauti ya kwaya ilikuwa imepungua.

"Kifua kikuu iko," akaniambia. "Kijidudu tumekipata. Unisikilize mpaka mwisho: dawa inakiweza. Hakijaizoea. Utameza miezi sita, haulipe kitu, na utapona."

Nilitafuta kichekesho. Nilitafuta kweli, mifuko yote. Kilichotoka ni, "Leo?"

"Leo njo unaanza."

Asubuhi ile nilikuwa nimeketi nyumbani na kitabu. Kabla ya saa ya kula mchana nilijua jina la kitu kilichokuwa kinanila, na nilikuwa na vidonge mkononi. Nafikiria yule wa reli mara nyingi. Sina picha yake kichwani, lakini namuona anangoja treni.

"Na weye, mama?" muuguzi akamgeukia nkambo. "Kikopo yako?"

"Mi?" nkambo akasema. "Mi niko muzima kabisa."

Hata hivyo hawakumwachia. Anayelala nyumba moja na mgonjwa lazima achunguzwe naye, na siku zilizofuata walimpima yeye na mama na baba. Wote wazima. Nkambo alilalamika kwamba amevaa kitambaa kizuri bure.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Ulinidanganya mbele ya bantu."

"Nilikuiga tu. Weye unaiga prefe, banacheka. Mi nilikuiga weye usiku mingi, peke yangu, nijifunze. Sikucheka hata kiloko."

Nilimchukulia mkoba, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu.

Basi, vidonge. Kila asubuhi nilivimeza mbele ya nkambo, naye akaniamuru nifungue mdomo na kuinua ulimi kama askari wa mpakani anayekagua lori. Mkojo uligeuka mwekundu kama maji ya barabara mvua ya kwanza. Muuguzi alinionya kwamba ni rangi ya dawa tu, lakini nilimwita nkambo aje aone, akanirushia kandambili. Madirisha yalikaa wazi na baridi yote ile. Mama alinifunika blanketi lake na hakusema "nilikuambia". Mwanzoni, nilipokuwa bado siruhusiwi shule, mwenzangu wa dawati alikuja na madaftari yake, akaketi nje ya dirisha na kunisomea hesabu kwa sauti, vibaya sana. Niliogopa angehama dawati. Alihamisha dawati likaja kwetu.

Na prefe. Baba alikwenda kumweleza, na prefe akakubali nifanye mitihani yangu mwezi wa tisa pamoja na walioanguka. Nilipokwenda kumshukuru ofisini, alikohoa. Nikangojea kufukuzwa. Akasema, "Uketi, mutoto."

Nilifaulu. Niko wa sita sasa, na suruali inashikwa na mwili wangu mwenyewe. Miezi ilipotimia, fundi wa labo aliangalia makohozi yangu ya mwisho kwa mikroskopi, si kwa ile mashine. Nikamuuliza kwa nini, mimi nilikuwa nimeshaipenda.

"Ile inaona hata maiti yao," akasema. "Mi nataka kujua kama kuko mwenye kupumua."

Hakukuwa na mwenye kupumua. Nilipeana naye mkono, glavu na yote.

Juma lililopita darasani waliniomba kikohozi cha prefe, kama zamani. Nikasimama, nikajiandaa, nikakohoa. Kikatoka kitu chembamba, kikavu, kama mbuzi anayeomba radhi. Hakuna aliyesimama. Mwenzangu wa dawati akasema, "Mukubwa, umeharibika."

Nikamsimulia nkambo nilipofika nyumbani. Alikuwa anachekecha unga. Akaweka chekecheo chini, akajipangusa mikono, akasema, "Ile yako ya zamani? Ilikuwa namna hii." Na akakohoa. Kikaanzia chini, kikapanda, kikapiga kamluzi, hakuna kilichokosekana.

Ndani kifuniko cha sufuria kilianguka. Mama akatoka mbio, mikono imejaa bukari, uso hauna damu.

"Ni nani? Ni nani alikohola?"

"Ni mi," nkambo akasema haraka. "Nilikuwa nacheza na bwana yangu."

Mama alitutazama mmoja mmoja. "Mu hii nyumba," akasema polepole, "ule muchezo umeisha."

"Umeisha," nkambo akakubali, akachukua chekecheo lake.

Mama hakurudi ndani mara moja. Alibaki mlangoni, bukari inamkaukia vidoleni, kichwa kimeinama kidogo upande wangu, anasikiliza. Nami nikakaa kimya kwa ajili yake, nikavuta pumzi ndefu, nikaitoa, nikavuta nyingine, asikie kwamba hamna kitu.

Kisha akaenda kupakua, na kichwa cha samaki kikaja kwangu.